Kichwa cha Aliye Mbele: Kulisoma Jukwaa la Sinema ya Nyumbani

Kuna njia mbili za kukishinda kichwa cha aliyekaa mbele yako: uinuliwe wewe, au kiinuliwe unachokitazama. Sinema kubwa za mijini ziliinua watazamaji. Vibanda umiza vya Dar es Salaam na vibanda vya video vya Uganda viliinua televisheni, ikawekwa kwenye rafu karibu na dari, watu wakabaki chini kwenye mabenchi. Mkazi wa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, mwenye chumba kirefu, projekta na jamaa wengi, akimwita seremala amjengee jukwaa la safu ya nyuma, anafuata njia ya kwanza. Mara nyingi anaifuata bila kuisoma. Anamtajia fundi kimo alichokiona mahali fulani, fundi anakata mbao.

Waliosoma fasihi ya Kiswahili wanaukumbuka mgawanyo wa fani na maudhui, na ugomvi wake pia: chombo kinatenganishika vipi na kilichomo? Jukwaa linaumaliza ugomvi huo mapema. Kimo chake ni fani tupu, ni hesabu ya pembe. Lakini kimo hichohicho ndicho kinachoamua nani akae wapi, nani amwone nani, na nani awe mgeni wa heshima. Basi tuanze na hesabu.

Tuchukue chumba cha kukisia. Mtu aliyeketi kwenye kochi la kawaida, jicho lake huwa kama sentimita 105 kutoka sakafuni, na utosi wake huzidi jicho kwa sentimita 12 hivi. Safu ya kwanza iko mita 2.5 kutoka skrini, ya pili mita 4.3. Ukingo wa chini wa picha uko sentimita 80 juu ya sakafu, kama watu wengi wanavyopenda kuuweka. Sasa vuta uzi kutoka ukingo huo, uupitishe juu ya utosi wa safu ya kwanza, uuendeleze mpaka safu ya pili. Utafika huko ukiwa na kimo cha sentimita 144. Jicho la aliye nyuma liko 105. Jukwaa linatakiwa liwe sentimita 39.

Inua picha kwa sentimita 30 tu, ukingo wake uwe 110, kisha vuta uzi upya. Safari hii unafika safu ya pili ukiwa na sentimita 122, na jukwaa linashuka mpaka 17. Endelea kuinua. Ukingo ukifika kama sentimita 134, uzi unateremka badala ya kupanda, na jukwaa halihitajiki kabisa. Hapo ndipo kibanda umiza kilipofika zamani bila karatasi wala rula. Ile televisheni ya juu iliyoonekana kama ulinzi dhidi ya wezi na mikono ya watoto ilikuwa pia jibu kamili la swali la safu. Gharama yake inalipwa na shingo.

Kibanda kilikuwa na kingine cha kukisaidia. Uganda kuna VJ Jingo, Tanzania kulikuwa na Lufufu, Kenya kuna DJ Afro: watu wanaoisimulia filamu juu ya sauti zake, wakitafsiri, wakitania, wakiwapa waigizaji majina ya mtaani. Aliyezibwa na kofia ya jirani hakupotea, kwa sababu sikio lilimwambia kile ambacho jicho lilikikosa. Usimulizi ule huchukuliwa kuwa kazi ya lugha, nami nadhani ulikuwa pia sehemu ya ujenzi wa chumba. Nyumbani msimuliaji hayupo. Picha inabaki peke yake, na kila sentimita ya kichwa cha mwenzio inakuwa hasara halisi. Ndiyo maana jukwaa linahitajika sebuleni zaidi kuliko lilivyowahi kuhitajika kibandani.

Njia ya kumwinua mtazamaji ina historia yenye bei. Katika sinema za Zanzibar na Dar es Salaam za karne iliyopita, viti vya mbele kabisa vilikuwa vya bei nafuu, na roshani ya juu ilikuwa ya wenye fedha na familia zao. Kupanda juu kulikuwa kupanda daraja. Hata magari hayakusalimika. Sinema ya magari iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966, pale ambapo sasa upo ubalozi wa Marekani, ilikuwa ya aina iliyobuniwa na Richard Hollingshead wa New Jersey. Hataza yake ya mwaka 1933 ilitegemea tuta la udongo: gari hupandisha magurudumu ya mbele juu ya tuta, pua inainuka, na waliomo wanaona juu ya paa la gari lililotangulia. Skrini ya nje na filamu ya usiku hazikuwa mambo mapya. Jipya lilikuwa tuta, yaani jukwaa.

Anayejenga chumbani kwake anadhani anarithi starehe ya sinema. Anarithi na roshani yake. Safu ya nyuma iliyoinuliwa inaona vitu viwili: picha, na migongo ya wanaoitazama picha. Baba au babu akikaa juu, ukuta nyuma yake, anajua nani amesinzia, nani anachezea simu, nani amefumba macho wakati wa mabusu. Walio chini hawamwoni. Wengine watalipenda jambo hilo, na sitawabishia, ila walijue kabla fundi hajakata mbao.

Kosa la fani ninaloliona mara nyingi zaidi linatokea kwenye safu ya tatu. Fundi aliyejenga ngazi ya kwanza kwa sentimita 17 hujenga ya pili kwa 17 vilevile, kwa kuwa ngazi zilizo sawa zinapendeza machoni. Lakini mstari wa macho si shairi la mizani nane kwa nane, ambalo kila kipande kinalingana na mwenzake. Vuta uzi kutoka ukingo wa sentimita 110, upite juu ya utosi wa aliye kwenye jukwaa la 17, ufike mita 6.1. Jukwaa la tatu linatakiwa liwe sentimita 39 kutoka sakafuni, yaani 22 juu ya lile la pili. Kila hatua inazidi iliyotangulia. Mhandisi wa Uskoti John Scott Russell aliandika juu ya mkunjo huu mwaka 1838, akifikiria kumbi za mihadhara, na viwanja vikubwa vya mpira bado vinaufuata: ukitazama jukwaa la uwanja kwa upande, utaona linavyozidi kusimama kadiri linavyopanda. Ngazi sawa ni uzuri wa kudanganya. Anayeumia ni aliye mwisho.

Kuna pia tumbo la jukwaa, ambalo halionekani ila linasikika. Sanduku tupu la mbao chini ya watu wanne hulia kama ngoma. Linaitikia sauti nzito ya spika, na bao likifungwa watu wakaruka, linaitikia miguu. Dawa inajulikana: boriti zikae karibu karibu, sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine, juu ziwekwe tabaka mbili za plaiwudi badala ya moja, na ndani pajazwe kitu laini kinachomeza sauti. Wenye uwezo hutumia sufu ya kioo. Magodoro makuukuu ya sponji yanafanya kazi ya kutosha, mradi waya wa umeme usipite katikati yake. Tena jukwaa lisipigiliwe ukutani. Nyumba nyingi za upande huu wa Kivu ni za mbao, na ukuta wa mbao ulioshikana na jukwaa utaipeleka filamu yote kwa jirani.

Bunagana ina sharti lake. Ni mji wa mpakani, malori yakingoja forodha, Kisoro ikiwa ng'ambo tu. Waasi wa M23 waliushika mwaka 2012, jeshi la Kongo likaurudisha Oktoba 2013, na tarehe 13 Juni 2022 wakauchukua tena. Kila mara watu walivuka kwenda Uganda na walichoweza kubeba. Katika mji wa namna hiyo jukwaa la misumari, lililojengwa kama sehemu ya nyumba, linaahidi jambo ambalo mwenye nyumba hawezi kuliahidi. Ninapendelea masanduku: kila moja sentimita 120 kwa 60, jepesi kwa watu wawili kulibeba, yameshikanishwa kwa boliti na nati. Yakifunguliwa yanakuwa meza, kitanda au kasha la nguo. Mashabiki wa umaliziaji safi watalalamika kwamba maungio yanalia, na ni kweli. Kipande cha tyubu ya gurudumu kati ya sanduku na sanduku kinanyamazisha sehemu kubwa ya kilio hicho. Ninachokipenda zaidi ni kwamba maungio yanaonekana. Jukwaa hilo halijifanyi sakafu.

Nilisema njia ni mbili. Nyumba za huku zinaijua ya tatu, ambayo vitabu vya sinema ya nyumbani havihangaiki nayo: kumshusha aliye mbele. Tandika mkeka na mito kati ya skrini na safu ya kwanza ya makochi. Mtu mzima aliyeketi mkekani, utosi wake huwa kama sentimita 90. Picha ikianzia 110, hamzuii mtu yeyote nyuma yake. Watoto watakuwa karibu mno na skrini wakikaa wima, lakini watoto hawakai wima. Wanalala chali, na shingo zao zinapona. Kwa mpango huo unapata safu tatu, mkeka, makochi, jukwaa, kwa kimo cha sentimita 17 tu. Thelathini na tisa ingehitaji kidaraja cha katikati, taa ya ukingoni, na mtu wa kumshika bibi mkono. Kumi na saba ni kimo cha ngazi ya kawaida ya nyumba, na bibi atapanda mwenyewe.