Msimulizi si Mwandishi: Istilahi za Usimulizi na Riwaya ya Siku Njema

Katika insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza tunazozisahihisha hapa Nairobi, kauli moja haikomi kurejea: kwamba Ken Walibora, katika Siku Njema, anatueleza jinsi alivyolelewa Tanga. Kauli hiyo ina kosa la ukweli. Walibora, ambaye riwaya yake ilichapishwa mwaka 1996 na aliyefariki jijini humu Aprili 2020, alikuwa mzaliwa wa magharibi mwa Kenya. Aliyelelewa Tanga ni Kongowea Mswahili. Hata hivyo, kosa kubwa zaidi ni la istilahi. Mwanafunzi amewatia mwandishi na msimulizi katika kapu moja, na kwa kufanya hivyo amejinyima riwaya yenyewe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi za msingi za usimulizi si majina ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani, bali ni maswali ambayo mhakiki huiuliza kazi. Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila (2003) imetufaa sana kwa fasili. Lakini fasili haiwi uhakiki mpaka ithibitishwe ndani ya matini.

Tuchukue mfano wa kila siku. Mwanafunzi aishiye Kangemi anafika darasani akiwa amechelewa, naye anaeleza kwamba matatu yake ilisimamishwa na polisi karibu na Westlands, abiria wakashushwa, akalazimika kutembea hadi katikati ya jiji. Hapa pana nafsi mbili katika mtu mmoja. Ipo nafsi tendaji, iliyokuwa barabarani bila kujua kama itafika. Na ipo nafsi simulizi, ambayo tayari imefika. Mfuatano wa yaliyotokea ndio kisa. Lakini msimulizi ana hiari ya kuanzia Kangemi, kwa polisi, au mlangoni mwa darasa. Mpangilio anaouchagua ndio msuko.

Siku Njema imejengwa juu ya pengo lililopo baina ya nafsi hizo mbili. Kongowea anasimulia, kwa nafsi ya kwanza, safari ya kumtafuta baba asiyemjua, safari inayomtoa Tanga na kumfikisha Kitale. Kijana anayesafiri hajui atakuta nini. Mtu anayesimulia anajua tangu mwanzo, ila anaizuia habari hiyo mpaka wakati aliouchagua. Taharuki, basi, haitokani na safari pekee. Inatokana pia na kimya cha msimulizi.

Aidha, watu waliomtesa Kongowea utotoni hatuwasikii ila kupitia kinywa chake. Je, tumwamini kwa kila neno? Swali hili huonekana wazi tunapoilinganisha riwaya hii na Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Humo msimulizi yuko nje ya kisa, naye anatumia usimulizi maizi unaoingia katika mawazo ya Maimuna na pia ya babake, Maksuudi. Msomaji wa Utengano huwekwa mahali pa hakimu asikilizaye pande zote mbili. Msomaji wa Siku Njema husikia upande mmoja tu, na hapana budi aupime mwenyewe. Anayedhani kuwa msemaji ni Walibora hataupima kamwe.

Kwa kuhitimisha, ikumbukwe kwamba Walibora alipotaka kusimulia maisha yake mwenyewe aliandika tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama. Alizijua tanzu hizo mbili, na akazitenga. Sasa ametutoka, wala hawezi tena kusimama ukumbini atusahihishe. Tukiendelea kuisoma Siku Njema kama wasifu wake, tutamzulia maisha asiyoyaishi na kumnyang'anya kazi aliyoifanya: kumbuni mtu mwingine, akampa sauti, kisha akanyamaza ili sauti hiyo isikike.