"Katika" Isiyo Mahali Pake: Uhakiki wa Tafsiri ya Vihusishi

Miongoni mwa makosa yanayojitokeza mara kwa mara katika tafsiri za matangazo na nyaraka, lipo moja tunaloona lafaa kuhakikiwa, nalo ni mazoea ya kukigeuza kila kihusishi cha Kiingereza kuwa "katika". Mfasiri aonapo "in", "at" au "on", huandika "katika" pasipo kujiuliza Kiswahili chenyewe hulisemaje jambo hilo.

Tuanze na majina ya mahali. Asemaye "anaishi katika Kilosa" ametumia maneno ya Kiswahili kwa sarufi ya kigeni. Jina la mahali hujitosheleza: anaishi Kilosa, basi limesimama Mikumi. Wala jina hilo halihitaji kiambishi "-ni". Nomino ya kawaida ndiyo ikipokeayo, na kwa hiyo "wilayani Kilosa" na "katika Wilaya ya Kilosa" yote ni sahihi.

Kosa hilo laudhi sikio tu. Lipo liletalo hasara. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imepakana na vijiji, na barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita ndani yake. Tuchukue mfano wa tangazo lisemalo: "Ni marufuku kuchunga mifugo katika mpaka wa Hifadhi." Tuseme mwandishi wa awali alikusudia "at the boundary", yaani kando ya mpaka, hata upande wa kijiji. Mfugaji alisomapo aweza kuelewa "ndani ya mipaka", akachunga nje ya alama za mpaka kwa moyo safi. Ng'ombe wake wakikamatwa, alaumiwe nani, yeye au mfasiri?

Yawezekana tukajibiwa kwamba ngeli ya mahali yatosha kuondoa utata huo, kwa kuwa "pa" huonyesha mahali dhahiri, "ku" mahali pasipo dhahiri, na "mu" ndani. Hoja hiyo ina nguvu, lakini katika matumizi ya leo tofauti hizo zimefifia, na wengi husema "mpakani mwa" kwa maana zote. Kwa hiyo, penye adhabu ya sheria, hatuna budi kuandika waziwazi "kando ya mpaka" au "ndani ya mipaka", na kutaja umbali inapowezekana.

Aidha, mara nyingi kazi ya kihusishi hufanywa na kitenzi. Mafuriko ya Mto Mkondoa yalipoikumba Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, watu walilazimika kuyaacha makazi yao. Katika hali kama hiyo, "wahame Kilosa" na "wahamie Kilosa" ni amri mbili zinazopingana, na kinachozitenganisha ni kiambishi kimoja tu. Mfasiri anayetafuta neno la kusimama badala ya "from" au "to" aweza kabisa asikione kiambishi hicho.

Rai yetu kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ni hii: kabla ya kukitafsiri kihusishi, tujiulize kwanza kitu kiko wapi, chatoka wapi, na chaenda wapi. Jibu likishapatikana, Kiswahili hakikosi njia ya kulisema.