Mwandishi Aliyezisikiliza Sentensi Zake

Katherine Mansfield alipomaliza hadithi yake iitwayo Miss Brill, mwishoni mwa mwaka 1920, aliisoma kwa sauti. Akairudia, akairudia tena, mara nyingi, kama mpiga ala anavyorudia kipande cha muziki mpaka kikae. Januari 1921 alimwandikia barua shemeji yake, Richard Murry, akamweleza kwamba katika hadithi ile hakuchagua urefu wa kila sentensi tu, bali hata mlio wake, na jinsi kila aya inavyopanda na kushuka, ili vyote vimkae Miss Brill, mwanamke wa hadithi hiyo, sawasawa, siku ile na saa ile.

Waandishi husema mengi juu ya kazi zao, na mengine ni ya kujipamba. Haya yanaweza kupimwa, kwa sababu hadithi yenyewe ni ya kurasa chache na imo katika kitabu kinachopatikana bado: The Garden Party and Other Stories, kilichotolewa London na Constable, Februari 1922. Ndani yake mna hadithi 15. Mwandishi alizaliwa Wellington, New Zealand, mwaka 1888, binti wa tajiri wa benki. Ujanani alipiga cello kwa bidii kiasi cha kufikiria kuwa mwanamuziki. Kufikia wakati wa kuandika hadithi hizi alikuwa na kifua kikuu, anahamahama kati ya Menton, kusini mwa Ufaransa, na milima ya Uswisi, akitafuta hewa ya kupumua. Baadhi yake aliliandikia jarida la The Sphere kwa sababu madaktari walitaka kulipwa.

Miss Brill ni mwanamke mseja, umri umesogea. Anafundisha Kiingereza katika mji wa Ufaransa, na alasiri nne kwa wiki humsomea gazeti mzee mmoja mgonjwa. Jumapili huenda bustani ya mji kusikiliza bendi. Jumapili hii ametoa sandukuni vazi lake la shingoni la manyoya, lile la mnyama mwenye kichwa na macho ya bandia; amelikung'uta, amelipiga brashi, amelibembeleza. Pua imepata kipigo mahali fulani na imelegea. Si neno, siku moja ataitia nta nyeusi.

Hakuna mahali msimulizi anapotuambia kwamba mwanamke huyu ni mpweke. Tunachopewa ni mwendo wa mawazo yake, na mwendo huo umechangamka: sentensi fupi, maswali anayojiuliza na kujijibu mwenyewe, alama za mshangao kila upande. Anasikiliza mazungumzo ya watu wengine na anajisifu kwamba amekuwa fundi wa kusikiliza bila kuonekana. Anawatazama wanaokaa kwenye viti vya bustani Jumapili zote, wazee karibu wote, kimya, wa ajabu kidogo, na anaona kama wametoka sasa hivi kwenye vyumba vidogo vya giza, au kabatini. Yeye mwenyewe, bila shaka, si mmoja wao. Yeye ni mshiriki. Bendi ikiendelea anafikia kuamini kwamba bustani nzima ni mchezo wa kuigiza, na kwamba hata yeye ana nafasi yake jukwaani. Asipofika Jumapili moja lazima mtu atagundua.

Kisha wanakuja kijana na msichana, wamevaa vizuri, wanapendana, wanakaa kwenye kiti hichohicho. Kijana anauliza kwa nini bibi kizee huyu anakuja hapa kabisa, nani anamtaka. Msichana anacheka manyoya yake, anayafananisha na samaki wa kukaanga.

Mwandishi wa kawaida angemfuata Miss Brill moyoni hapo na kutufungulia kidonda. Mansfield anahama. Anatueleza habari ya duka la mikate: Jumapili akirudi nyumbani, Miss Brill hununua kipande cha keki ya asali, na mara nyingine ndani yake hukuta lozi, na lozi ikiwemo, siku imekuwa siku. Leo amelipita duka. Mshangao umekwisha kwenye sentensi. Vitenzi vya kutembea na kuketi vinafuatana bila pambo lolote. Anaingia chumbani, na chumba chenyewe, tunaambiwa kwa kupitisha tu, kinafanana na kabati. Neno lile alilowapangia wazee wa bustani limemrudia, na hakuna kidole kinachotuonyesha. Anayesoma haraka atalipita. Analirudisha vazi sandukuni bila kulitazama, na anapofunga kifuniko anadhani amesikia kitu kikilia ndani.

Kitu. Ndipo inapoishia. Nimesoma hadithi nyingi za machozi, na sijui nyingine ambayo machozi yametolewa machoni mwa mwenyewe yakawekwa sandukuni kwa unyofu kama huu. Lingeweza kuwa jambo la kuchekesha. Kinacholizuia lisichekeshe ni kwamba mwanzoni tulimwona akilisemesha vazi lile na kulibembeleza kama kiumbe. Mwandishi alilipa deni hilo mapema, ukurasa wa kwanza, tukidhani anatuchekesha.

The Voyage ni kazi ya namna nyingine. Mtoto Fenella na bibi yake wanapanda meli ya usiku kutoka Wellington kwenda Picton. Baba amewasindikiza bandarini. Mtoto amekabidhiwa mwavuli wa bibi, wenye mpini wa kichwa cha bata maji, na kila anapochapua hatua ili awafikie wakubwa, kile kichwa kinamdonoa begani kana kwamba nacho kinamharakisha. Akili yake yote iko kwenye mwavuli. Anamuuliza baba atakaa huko muda gani. Baba hamtazami usoni. Anamtilia shilingi mkononi, na shilingi nzima inamtisha mtoto: kumbe safari ni ya kudumu! Bibi amevaa nyeusi, mtoto amevaa nyeusi, na kofia yake ina ua la kitambaa cha msiba. Anayegusa jambo lenyewe ni mhudumu wa kike wa meli, kwa macho ya kuomboleza na neno la huruma la kupita, na hadithi inaendelea na habari za kupanda kitanda cha meli, kuvua viatu, bibi kusali.

Sisi tuliolelewa kwenye misiba ya watu wengi tunalijua jambo hili: watoto hawaambiwi, huambulia. Wanaona mikeka imetandikwa, wanaona shangazi amefika na nguo asizovaa siku nyingine, wanapewa hela bila sababu. Mansfield hakutoka nje ya urefu wa mtoto hata mara moja. Mwavuli unafika salama, unaning'inizwa kwenye kitanda cha babu, na aliyekuwa akiuchunga amekwisha kuwa yatima wa mama mbele ya macho yetu.

Hadithi iliyokipa kitabu jina ndiyo maarufu zaidi, na kwa ufundi naiweka chini ya hizi mbili. Inaanza kwa neno la kuunganisha, kana kwamba mazungumzo yalikuwa yakiendelea na sisi ndio tumechelewa. Familia ya Sheridan inaandaa karamu ya bustanini; mwendesha mkokoteni anayeishi kwenye vibanda vya chini ya kilima amefariki asubuhi hiyo, ameacha mke na watoto watano. Binti mmoja, Laura, anataka karamu ivunjwe. Mama habishani naye sana. Anamvika kofia yake nzuri, nyeusi, yenye maua ya dhahabu. Laura anajiona kwenye kioo na maiti inafifia. Somo zima la tabaka limo kwenye kofia ile, ndiyo maana naona baadaye, Laura anapotumwa na kikapu cha mabaki ya karamu kwa wafiwa, mwandishi anaieleza zaidi ya inavyohitaji.

The Daughters of the Late Colonel ina uthubutu zaidi. Dada wawili wazee wamebaki na nyumba baada ya baba yao mkali kufa, na bado wanaogopa kufungua kabati lake. Sehemu 12, na wakati unaruka mbele na nyuma bila taarifa, kwa sababu akili zao nazo haziwezi tena kushika mstari. Wasomaji wengi wa wakati ule walidhani anawakejeli, na jambo hilo lilimuuma.

Kitabu hakilingani chote. Bank Holiday ni mchoro wa mtaani tu. The Singing Lesson inategemea barua na simu ya maandishi kupinduana, hila ambayo ukishaijua huna cha kurudia. Life of Ma Parker inacheza ukingoni mwa kulizwa kwa makusudi, kisha inajiokoa kwa swali moja gumu: mtumishi wa nyumba za watu, aliyezika mjukuu, ataenda kulilia wapi ambako hatamsumbua mtu?

Ustadi huu haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1915 alianza kitabu kirefu juu ya utoto wake, The Aloe. Alikikata, akakipanga upya, hata kikawa hadithi moja, Prelude, iliyochapwa mwaka 1918 na Hogarth Press ya Leonard na Virginia Woolf, ambako Virginia alipanga herufi kwa mkono. Virginia Woolf baadaye aliandika katika shajara yake kwamba uandishi wa Mansfield ndio pekee aliowahi kuuonea wivu. Nafikiri alijua alichokionea wivu: ukiwa umesimama mbele ya kisanduku cha herufi, unaokota moja moja, unaona ni sentensi ipi imekaa na ipi imewekwa.

Mansfield alifariki Fontainebleau, Januari 1923, akiwa na miaka 34. Hakimiliki zimekwisha, hivyo mfasiri anayetaka kumleta kwa Kiswahili hahitaji ruhusa ya mtu. Namwomba aanze na The Voyage. Na kabla ya kumpelekea mchapishaji, amsomee mtu kwa sauti, kisha arudie.