Kurudi kwa Jeebleh

Msomaji, ikiwa shule yako iko Garissa, Wajir au Mandera, neno "kurudi" umelisikia mara nyingi kuliko mwenzako wa Nyeri au Kisumu. Yuko shangazi aliyekwenda Minneapolis nawe ungali mtoto mchanga, na kila mwaka husema katika simu kwamba atarudi. Wako majirani waliopanda basi Dadaab, wakasemwa kuwa wamerudi Kismayu. Tena wako wazee wanaotamani kurudi, wala hawasemi wapi, kwa kuwa mpaka uliochorwa na Wazungu ulipita katikati ya malisho yao, na ukoo mmoja ukawa wa nchi mbili. Kwa hiyo nataka tukitazame pamoja kitabu kimoja ambacho jambo lake zima ni kurudi, tupime kama kimesema kweli. Kitabu chenyewe ni Links, riwaya ya Nuruddin Farah, iliyotolewa New York mwaka 2004. Jina hilo kwa Kiswahili lingekuwa "Viungo", au pengine "Mafungamano".

Si vizuri kila mara kumtafuta mwandishi ndani ya kitabu chake. Wanafunzi wengi hukimbilia huko kwa sababu ni rahisi kuliko kusoma. Hapa, hata hivyo, maisha ya mwandishi yana haki ya kutajwa. Nuruddin alizaliwa Baidoa mwaka 1945, akakulia Kallafo katika Ogaden, nchi ya Wasomali iliyo chini ya Ethiopia. Mwaka 1974 alikwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1976, akiwa Rome njiani kurudi nyumbani, alimpigia simu ndugu yake, naye akamwonya asirudi, maana kitabu alichokuwa amekitoa kilikuwa kimeiudhi serikali ya Siad Barre. Hakuiona nchi yake tena mpaka mwaka 1996. Hesabu mwenyewe: miaka 22. Katika muda huo alikaa katika nchi nyingi za Afrika, akiandika kitabu baada ya kitabu juu ya mji ambao hakuweza kuukanyaga. Serikali ilipoanguka Januari 1991, baba yake na dada yake walikimbilia Mombasa, naye akawaendea huko. Basi mtu huyu hakulisoma jambo la kurudi katika magazeti.

Shujaa wa riwaya, Jeebleh, ni Msomali aliyekaa ng'ambo miaka inayopita 20. Yuko New York, ana mke na binti wawili, na kazi yake ni kufundisha chuo kikuu. Siku moja nusura agongwe na teksi, na dereva wake ni Msomali mwenziwe aliyewasili Marekani juzi juzi tu. Baada ya hayo anaazimia kwenda Mogadishu. Haendi kukaa. Ana haja zake: kulitafuta kaburi la mama yake, aliyekufa hali mwana yuko mbali, na kuonana na Bile, daktari, rafiki yake wa utotoni ambaye walifungwa gerezani wote wawili zamani za Siad Barre. Tena mtoto Raasta, mpwa wa Bile, ametekwa nyara pamoja na mwenzake Makka.

Angalia jinsi mwandishi anavyomshusha mtu wake katika ndege. Kabla hajatoka uwanjani, vijana wenye bunduki wanashindana kulenga shabaha. Shabaha ni abiria, na anayekufa ni mtoto wa miaka 10, mbele ya mama yake. Mwandishi mwenye papara angaliyaweka mauaji hayo mwishoni, ili msomaji alie. Nuruddin ameyaweka mlangoni, kisha akaendelea na hadithi kwa sauti ile ile ya utulivu, na utulivu huo ndio unaotia hofu. Sura hiyo ya kwanza ni ya ufundi mkubwa, nami nakushauri uisome mara mbili.

Lakini moyo wa kitabu, kwa maoni yangu, haumo katika bunduki. Umo katika neno dogo "sisi". Mogadishu imekatwa pande mbili, kaskazini na kusini, kila upande na mbabe wake, na kila mtu anayesema na Jeebleh anasema "sisi" akikusudia ukoo wake, na "wao" akikusudia ukoo mwingine. Jeebleh anayasikia maneno hayo kama mtu asikiavyo jiwe katika wali. Alipoondoka, "sisi" ilikuwa Wasomali, au angalau yeye aliamini hivyo. Sasa amerudi, na kila anapofumbua kinywa hajui ajiweke katika neno lipi. Mambo mengine yote yaliyobadilika, nyumba zilizobomoka na barabara zilizoziba, mtu angeweza kuyazoea kwa wiki moja. Hilo la neno halizoeleki. Sijapata kuona kitabu kingine kilichoonyesha kwa uwazi namna hii kwamba lugha ya nyumbani nayo huhama wakati wewe uko safarini.

Hapa nitatoka kando kidogo. Wasomali wa Kenya wajua ya kuwa ndugu zao wa Mogadishu huwaita "Sijui". Neno ni letu, la Kiswahili. Basi kijana aliyekulia Garissa au Dadaab akifika Kismayu, anadhani amefika kwao, kumbe amekwisha kupewa jina kwa neno la lugha aliyoiokota njiani. Jeebleh naye ana "Sijui" yake. Kuna mahali anamtetea mbwa jike mwenye uchungu wa kuzaa anayeteswa na mtoto, na watu wanamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Pale pale, kwa huruma ile ile, wamekwisha kumjua ni mgeni.

Twende sasa kwenye sura ya wazee, ambayo ndiyo iliyozua ubishi mkubwa kati yangu na wanafunzi wangu wa ualimu. Wazee wa ukoo wa Jeebleh wanamjia hotelini. Wanamheshimu, wanataja nasaba, wanamwita mwana wa kwao; mwisho wanasema shida yao: wanataka fedha za kutengeneza gari lao la vita. Jeebleh anaghadhibika na kuwafukuza. Mwandishi yuko upande wake, na msomaji anavutwa awe huko pia. Nani angependa kutoa fedha za bunduki? Hata hivyo mwanafunzi mmoja aliniambia, "Mwalimu, wazee hawa wangeomba ada ya shule, angewapa?" Swali hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu kitabu hakilijibu, na nadhani kingepaswa.

Maana "sisi" ile ile inayoomba fedha za gari la vita ndiyo inayomlea yatima. Ni ada ngapi za shule mjini Garissa zimelipwa na mtu anayeamka usiku wa manane katika baridi ya Marekani kwenda kazini, kwa sababu tu aliambiwa katika simu kwamba mtoto fulani ni wetu? Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi, wala hakuna sheria inayomlazimisha. Lipo neno tu. Nuruddin anauchukia ukoo kama daktari anavyouchukia ugonjwa, naye ana sababu, kwa kuwa uliibomoa nchi yake. Lakini kwa kuuchukia sana amewanyima wazee wake uso. Wameingia kundi zima, wamesema kwa sauti moja, wametoka kundi zima. Bile tunamjua, huzuni yake tunaijua. Hata Caloosha mwovu, ndugu wa Bile kwa mama, tunamjua kwa kiasi. Wazee hatuwajui. Katika riwaya inayolalamika kwamba watu wamegeuzwa kuwa koo badala ya kuwa watu, hilo ni kosa lisilo dogo.

Kosa la pili linatokana na elimu ya Jeebleh. Yeye ni msomi wa Dante, mshairi wa Kiitalia, na mwandishi ameweka maneno ya mshairi huyo, yale ya safari ya jehanamu, katika vichwa vya sehemu za kitabu. Kwa upande mmoja uchaguzi huu ni wa akili. Dante alizaliwa Florence mwaka 1265, akafukuzwa mjini kwake mwaka 1302, akafa Ravenna mwaka 1321 pasipo kurudi. Hakuna mshairi anayestahili zaidi kuwa mwenzi wa mtu aliyehamishwa. Lakini fikiri mfano huu unamfanyia nini mtu wa Mogadishu. Katika shairi la Dante msafiri yu hai, nao anaowatazama ni maiti. Anapita, anauliza, anahuzunika, anatoka, wao wanabaki. Je, muuza chai wa Mogadishu ni maiti? Mwalimu anayefundisha watoto chini ya paa lililotobolewa na risasi ni kivuli tu cha kuhojiwa na mgeni? Sidhani Nuruddin ataka kusema hivyo, ila mfano aliouchagua unasema hata asipotaka. Huongezeka hapo ndoto nyingi na mazungumzo marefu ambayo watu husema kama wanaosoma hotuba. Kijana anayekisoma kwa mara ya kwanza atachoka katikati. Avumilie.

Na jambo hili la msafiri anayetoka latuleta tena Dadaab, ndani ya Garissa hii hii. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kufikia mwaka 2011, wakati wa njaa kuu, waliokuwamo walikaribia nusu milioni. Novemba 2013 serikali za Kenya na Somalia pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi zilitia sahihi mapatano ya kuwarudisha wanaotaka kwa hiari, na Desemba 2014 msafara wa kwanza uliondoka. Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa kambi itafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ilisema agizo hilo ni kinyume cha Katiba. Kati ya tarehe hizo, mtu aliyekuwa akijiuliza kama aende au abaki alijiuliza huku saa ikigonga.

Mfikirie msichana aliyezaliwa Hagadera mwaka 1995, akasoma kwa mtaala wa Kenya, akaambiwa arudi Kismayu asikopata kukuona. Hana pasi ya Marekani mfukoni, wala hoteli inayomngoja, wala mke na binti New York wanaompigia simu usiku. Akiona hali ni mbaya, hana ndege ya kumtoa. Na wako waliorudi tena Dadaab, wakakuta kadi ya chakula imekwisha kufungwa. Huko kambini Kisomali kimejitengenezea neno, buufis, la kutaja ile shauku ya kwenda ng'ambo inayomnyima mtu usingizi. Kwa kurudi sijapata kusikia neno jipya.

Utasema kwamba nakidai kitabu cha mwaka 2004 mambo ya mwaka 2014. Hapana. Hatuna ruhusa ya kumlaumu mwandishi kwa kutoandika kitabu tulichokitaka sisi. Lakini tunayo ruhusa ya kukiita kilichomo kwa jina lake, nami nasema Jeebleh hakurudi, Jeebleh alizuru. Uchungu wake ni wa kweli na hatari yake ni ya kweli, ila nyuma yake mlango uko wazi tangu ukurasa wa kwanza, na kila uamuzi anaoufanya, hata ule wa kuwafukuza wazee, unafanywa na mtu anayejua hatakuwapo mwaka ujao.

Nadhani mwandishi mwenyewe aliliona, maana katika riwaya iliyofuata, Knots, ya mwaka 2007, hakumleta tena msomi wa mashairi. Alimleta Cambara, mwanamke anayetoka Toronto baada ya mtoto wake kufa maji, ili aikomboe nyumba ya wazazi wake iliyochukuliwa na mmoja wa wababe wa vita. Huyu anakuja na kazi. Anafikia kwa binamu yake Zaak, anakuta nyumba chafu isiyosemeka, naye anaanza kwa ufagio. Anawatia kazini hata vijana wenye bunduki. Kijana mmoja wao anamwogesha na kumvika nguo za mwanawe marehemu. Kitabu hicho ni kirefu kupita kiasi, na sehemu nyingine zinakwenda kwa urahisi ambao siuamini. Hata hivyo katika sura ile ya nguo za marehemu neno "sisi" linatengenezwa upya, bila nasaba na bila hotuba, na mtu ambaye Jeebleh angemwona ni bunduki inayotembea anakuwa mtoto anayehitaji sabuni.

Ukiweza kuvipata vyote viwili, anza na Links. Fika kwenye sura ya wazee, usimame hapo. Wanashuka kutoka hotelini wamefedheheka, na kitabu kinabaki juu pamoja na Jeebleh na hasira yake, hakiwafuati nje. Chukua kalamu uwafuate wewe. Wako watu wazima, kuna jua kali, na mmoja wao huenda alimjua mama yake Jeebleh. Andika walisema nini njiani.