Kuitika si kupiga makofi tu: siku moja ya sanaa inje, huko Katuba

Mu miaka hii, wanaotengeneza tamasha wanapenda sana neno « kushiriki ». Ku matangazo wanaandika ya kwamba mtu asikuje paka kutazama: akuje kucheza, kuchora, kusema. Neno ni zuri. Lakini kwetu si neno jipya, na njo maana tunataka kulipima kwa kipimo cha desturi zetu. Tutatumia mfano wa tamasha moja ndogo ya inje ambamo tulishinda mchana mzima, siku ya posho, mu komine ya Katuba, hapa Lubumbashi. Swali letu ni moja: yule anayeitwa kushiriki, iko na uwezo wa kugeuza kitu? Kama hana, basi ameitwa bure.

Tuanze na desturi. Kwetu hadisi haisimuliwi na mtu mmoja. Mwenye kuhadisia anatupa neno, wasikilizaji wanaitika. Wakinyamaza, naye anasimama kwanza, juu anajua kama wamelala ao hawamwamini. Ku matanga pia, mama mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaupokea; na mwenye kupokea anaweza kuingiza jina la marehemu wake mwenyewe, wimbo ukageuka njia. Kumbe kuitika ni kazi, tena ni kazi yenye mamlaka.

Mchezo wa teatre wa muji wetu ulifuata njia hiyo. Wakubwa wanakumbuka kundi la Mufwankolo, lililocheza ku radio na ku televizio kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Wachezaji wale hawakushika maandishi: walikubaliana juu ya hadisi, halafu kila mmoja alitafuta maneno yake. Mu 1986 walitengeneza mchezo kutokana na msemo ya kwamba uwezo wa utawala unakuliwa wote mzima, haukatwe vipande. Wakaenda kuucheza mu kijiji cha Kawama, ukapigwa filamu ya televizio. Johannes Fabian, aliyefuata kazi ile tangu mazungumzo ya kwanza, aliiandikia kitabu kilichotoka mu 1990. Mtu akisoma mazungumzo yale, anaona namna neno la huyu linasukuma neno la yule. Mchezo ulizaliwa mu mabishano.

Lakini tulijua pia kushiriki kwa namna ingine. Mu miaka ya 1970, wakati wa Zaire na MPR, wafanyakazi na wanafunzi walitolewa kazini na masomoni, waende kuimba na kucheza kwa sifa ya Mobutu. Watu wote walishiriki, tena kwa jasho. Hakuna aliyeruhusiwa kugeuza hata neno moja. Ndugu msomaji ashike jambo hili: wingi wa watu wanaocheza hauonyeshe bado kama mchezo ni wao.

Sasa tukuje ku tamasha yenyewe. Asubui, fundi wa kuchora alikuwa amekwisha kuweka mistari ku ukuta mrefu: mlima wa masalio ya shaba na bomba refu la Gécamines, sura ambayo kila mtoto wa Lubumbashi anaifahamu. Mkono wake ni mzuri, hatuwezi kukana. Watoto wakapewa brashi na rangi, kila kipande na rangi yake. Kijana mmoja alitaka kuchora watu chini ya mlima. Akaambiwa: « Baki mu mistari. » Hapo tulijiuliza: mlima ule ulikuja namna gani, kama si kwa mikono ya watu? Kijana aliona kitu chenye kukosekana mu picha, na picha haikumpokea. Walimpa brashi, hawakumpa ukuta.

Saa sita, wapiga ngoma walikaa chini ya mti, bila podiyumu, bila mikro. Mzunguko ulijifunga wenyewe. Mama wa miaka mingi aliingia, akapunguza mwendo, ngoma ikamfuata. Akatoka, kijana akaingia, ngoma ikapanda. Hakuna aliyetangaza kama tunashiriki. Kwa maoni yetu, hii njo ilikuwa saa bora ya siku nzima, na ndiyo iliyogharimu kidogo.

Mangaribi ulikuja mchezo uliongojewa: mjane anafukuzwa mu nyumba na ndugu za marehemu bwana yake. Ulifuata namna ya Augusto Boal, Mbrazili aliyekufa mu 2009: mchezo unachezwa, halafu unarudiliwa, na mtazamaji anaweza kuingia pahali pa mchezaji, ajaribu njia ingine. Boal mwenyewe alieleza kama alifundishwa hivyo na mama mmoja wa Peru, mu 1973, aliyechoka kuona wachezaji wakiharibu shauri lake, akapanda kulicheza yeye mwenyewe.

Ku Katuba pia mama mmoja alipanda, akashika nafasi ya mjane. Hakulia. Alisema: « Shemeji, leta kwanza mukanda ya parsele, tusome majina iko mule. Na hawa batoto ya ndugu yako, unabapeleka kwako leo, ao unabatupa mu njia? » Mchezaji alikosa jibu. Watu walinyamaza, halafu sauti zikatoka pande zote: huyu anasema mukanda uliibiwa siku ya mazishi, yule anauliza nani atamsindikiza mama ku tribinali. Mchezo ulikuwa sasa mikononi mwetu.

Hapo kiongozi wa mchezo alichukua mikro, akasoma sheria kwa Kifaransa, mbio mbio, akafunga. Sheria ile ni ya kweli, tena ya lazima: Kodi ya familia ya 1987, iliyogeuzwa kwa sehemu mu 2016, inaweka watoto mbele mu kuriti, na inamwachia mjane haki ya kubaki mu nyumba walimoishi na bwana yake. Lakini maulizo ya watu hayakuwa juu ya maandishi. Yalikuwa: mukanda ukikosekana tufanye nini, na ndugu wakikuja usiku tuite nani? Saa ile ile watu walipoanza kutafuta pamoja, walirudishwa kuwa wasikilizaji.

Wengine watatujibu: mkiacha kila mtu aseme, uongo utaingia. Ni kweli. Sisi walimu tunajua hofu hiyo, na tunajua pia kishawishi cha kuuliza swali ambalo jibu lake liko tayari mu kitabu. Lakini mu hadisi ya wazee, mwenye kuhadisia hakuogopa jibu baya. Alilipokea, akalipindua, akaendelea. Sheria ingesomwa kwa Kiswahili, pole pole, ingekuwa sauti moja kati ya sauti, na ingesaidia zaidi.

Basi shauri letu kwa wenye kutengeneza tamasha hizi ni fupi. Ku ukuta, acheni pahali pasipo mistari. Mu mchezo, saa watu wanapoanza kubishana, msikimbilie mikro, juu hapo njo kazi inaanza. Na mjane akiuliza nani atamsindikiza, mchezo usifungwe mbele mtu mmoja hajasema: « Mimi. »