Picha Haina Vipimo

Tuna wahakiki wa riwaya, wahakiki wa muziki, na siku hizi kuna watu wanaopata riziki kwa kuonja pilau na kuipa maksi. Kiti hakina mhakiki. Na si kwamba vitu vya mbao ni vichache maishani mwetu. Wakenya wangapi wamewahi kumwagiza mshairi awatungie shairi, au mchoraji awachoree picha ya sebuleni? Lakini kitanda, kabati, meza ya kulia, stendi ya TV, hivyo tumeviagiza sana: tukavieleza kwa mdomo, tukabishania bei, tukalipa deposti, tukangoja, tukangoja tena. Kama kuna sanaa ambayo mwananchi wa kawaida ameigharamia moja kwa moja kutoka mfukoni mwake, ni hii. Na bado lugha yetu ya kuizungumzia inaishia kwa maneno mawili: "imetoka poa" au "fundi amenichezea".

Siku hizi mazungumzo yenyewe yanaanzia kwenye simu. Mteja anafika kwa fundi, Ngong Road au Gikomba au kwenye kibanda cha mtaani, anatoa simu, anasema, "Nataka kama hii." Fundi anaikuza picha kwa vidole viwili, anaigeuza, anairudisha. Halafu anasema, "Hii haiwezi nishinda." Nataka kuzihakiki sentensi hizo mbili, kwa sababu karibu kila ugomvi wa baadaye umo ndani yake.

Tuanze na ya mteja. Picha inaonyesha nini? Upande mmoja wa kiti, kwenye mwanga mzuri, ndani ya chumba ambacho si chake. Haionyeshi mgongo wa kiti. Haionyeshi viungo. Haisemi ni mbao gani, imekaushwa vipi, wala kama ule mguu mwembamba unaopendeza ni mbao kweli au ni chuma kilichopakwa rangi. Na juu ya yote, picha haina vipimo. Kiti cha kulia hukaa inchi 18 hivi kutoka sakafuni, na meza yake inchi 30. Zile inchi 12 katikati ndizo nafasi ya mapaja ya binadamu. Ongeza inchi tatu kwenye kiti bila kugusa meza, na wageni wako watakula wakiwa wamebanwa kama abiria wa matatu. Mteremko wa egemeo nao ni hesabu: likisimama wima sana unakaa kama uko mahakamani, likilala sana huwezi kufikia sahani. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye kioo cha simu.

Kwa hiyo fundi anayekubali kutengeneza "kama hii" hanakili. Anatafsiri. Na kama wasomaji wa jarida la fasihi, hapa tunapaswa kuchangamka, maana tunajua ubishi wa tafsiri ulivyo. Chukua viti vya Skandinavia vya katikati ya karne ya 20, ambavyo picha zake zimejaa kila mahali: miguu myembamba inayozidi kuwa myembamba kuelekea chini, mikono iliyopinda kama ubavu. Vingi vilitengenezwa kwa msaji au mwaloni, mbao ngumu zinazovumilia wembamba. Mpe fundi wa Nairobi umbo hilo, halafu umpe saipresi kwa sababu bajeti yako ndiyo hiyo. Akiwa mwaminifu kwa picha, mguu utalegea kwenye kiungo kabla ya mwaka kuisha. Akiwa mwaminifu kwa mbao, atanenepesha mguu, atashusha egemeo, ataongeza upau wa kuunganisha miguu ya mbele na ya nyuma. Na mteja atakapokuja kuchukua, atasema, "Lakini si hii niliyokuonyesha." Ndiyo, si hiyo. Ile ingevunjika.

Hapo ndipo nasimama upande wa fundi, na nasimama kwa sauti. Fundi aliyenenepesha mguu amefanya kazi ya ubunifu. Amesoma matini ya kigeni, akaona ni wapi haiwezi kusimama kwenye udongo huu, akaandika upya. Tunamkata pesa kwa sababu ya kile kitu tulichopaswa kumlipia zaidi.

Wacha niseme wazi kwamba shida yangu si kuiga. Wanaolia kwamba mafundi wetu "wanaiba miundo ya watu" wangefaa kukitazama kwa makini kiti cha enzi, kile kiti kirefu cha pwani, cha mpingo, chenye nakshi za pembe za ndovu au mfupa, kikalio na egemeo vya kamba iliyofumwa, na ubao wa kuwekea miguu. Makumbusho ya Lamu inavyo. Watafiti wamebishana kuhusu asili yake: wengine wanaona ndani yake Misri ya Wamamluki, wengine Wareno na Wahispania, wengine Bara Hindi. Yaani hiki kiti tunachokiweka mbele kama alama ya uswahili safi ni mkusanyiko wa kuiga. Kilichokifanya kiwe cha Lamu na Siyu ni kwamba vitu vilivyoigwa vilifika kwa jahazi, vikiwa na uzito. Fundi angeweza kukigeuza kiti cha mgeni juu chini, akaingiza kidole kwenye kiungo, akakikalia. Halafu akatumia mpingo, mbao nzito kiasi kwamba inazama majini, na kamba kwa sababu ya joto, na akajibu swali la mwenyeji wake: nani atakikalia? Mgeni wa heshima. Mgongo wima ulikuwa na maana, kwa sababu mgeni wa heshima halali kitini.

Tofauti basi si kati ya kuiga na kubuni. Ni kati ya kuiga kitu na kuiga sura ya kitu. Kwenye simu tunaiga sura.

Mtu atauliza, kwani mafundi wa kweli huwaza vipi? Jibu moja tunalo kwenye rafu zetu, ingawa tumelisoma vibaya. Katika A Grain of Wheat (1967), Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya Gikonyo kuwa seremala. Akiwa kizuizini kwa miaka 6, Gikonyo anawaza kumchongea mkewe Mumbi kigoda. Mwishoni mwa riwaya, akiwa kitandani hospitalini, wazo linarudi: kigoda cha miguu mitatu, kila mguu ukiwa umbo la mtu, mwanamume, mwanamke na mtoto, wakilemewa na uzito. Halafu anabadilisha, yule mwanamke atakuwa mjamzito. Vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kwamba mimba hiyo ni taifa, ni upatanisho, ni tumaini baada ya uhuru. Sawa, sibishi. Lakini hebu muulize seremala. Miguu mitatu iliyochongwa kama watu hubeba mzigo wote wa anayekalia. Umbo jembamba linapasuka kwenye kiuno, pale nyuzi za mbao zilipokatwa zaidi. Umbo la mama mjamzito linaacha mbao nyingi katikati. Gikonyo anapobadilisha ishara, anabadilisha pia muundo, na unakuwa imara zaidi. Sijui kama Ngũgĩ alikusudia hivyo, na si lazima alikusudia. Najua tu kwamba uhakiki wetu ulikimbilia ishara ukaruka kigoda, na mazoea hayo hayo ndiyo tunayoenda nayo kwa fundi: tunaona sura, hatuoni kitu.

Jambo jingine Gikonyo analo ambalo fundi wa barabarani hana: muda. Alikuwa na miaka ya kuwaza. Fundi wa leo ana wiki mbili, na wiki ya kwanza inaisha akitafuta mbao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Siku hizo zikaongezwa tena na tena, na ilikuwa Julai 2023 Rais alipotangaza kwamba marufuku imeondolewa. Sababu za kulinda misitu na mito zilikuwa za kweli. Lakini bei ya mbao ilipanda, na fundi mdogo, asiye na mtaji wa kununua mapema na kuweka stoo, ndiye aliyebaki akinunua kilichopatikana. Kilichopatikana mara nyingi ni mbichi. Kanuni ya kale ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kwa hewa kwa kila inchi ya unene. Nani anaagiza meza leo ili achukue mwaka ujao? Kwa hiyo mbao inakaukia ndani ya nyumba yako, ikiwa meza tayari. Inajikunja, inajipasua, droo inakataa kufunga. Ule "uongo wa fundi" tunaoutania, ule wa "kesho jioni utapata", mara nyingine ni mtu anayejaribu kuinunulia mbao siku chache ambazo hakuna aliyezilipia.

Mara nyingine. Si kila mara. Uhakiki unaomsifu fundi tu ni huruma, na huruma haimjengi mtu. Upo uzembe, na una sura yake. Kuna pengo kwenye kiungo lililojazwa unga wa msumeno na gundi, likapakwa vanishi nzito hadi lisionekane. Kuna ulimi mfupi ulioingizwa kwenye tundu pana, kisha ukapigwa msumari ili ushike. Kuna sofa ya kitambaa cha bei, na ndani yake fremu ya vipande vya mabaki vilivyoshikiliwa na stepo na maombi. Haya hayasababishwi na bei ya mbao wala na picha ya mteja. Ni mtu aliyeamua kwamba hutatazama. Na kwa kweli, huwa hatutazami. Tunapapasa meza juu, tunaisifu inavyong'aa, tunalipa. Kipindue! Kitu cha mbao husomwa chini na nyuma, pale ambapo aliyekitengeneza hakutegemea macho. Fundi mzuri utamjua hapo: chini ya meza yake randa imepita, viungo vimekaa bila kulazimishwa, na upande wa ndani wa droo hauchani mkono.

Mwingereza David Pye, aliyekuwa mbunifu na mwalimu wa samani, aliandika kitabu mwaka 1968 akitofautisha aina mbili za kazi. Moja ni kazi ya hatari, ambapo ubora wa kitu uko hatarini muda wote mkono unapofanya kazi. Patasi ikiteleza, imeteleza. Nyingine ni kazi ya uhakika, ambapo matokeo yamekwisha kuamuliwa kabla, kama kiwandani. Kilichonipendeza ni kwamba Pye hakudai mojawapo ni takatifu. Alionyesha kwamba mafundi wa mikono nao hupunguza hatari kwa vifaa wanavyojitengenezea.

Vifaa hivyo viko kwenye karakana za jua kali, na ndivyo vilivyonifanya niandike makala haya. Ingia ndani kabisa, pita viti vya maonyesho, tazama ukutani. Utaona vipande vya plaiwudi vimening'inia kwenye misumari: mguu wa kiti, mkono wa sofa, mkunjo wa kichwa cha kitanda. Kila kimoja kilianza kama picha ya mteja fulani. Fundi alikadiria, akakata, akakosea kidogo, akarekebisha kingo kwa penseli, akakata kingine. Kufikia kiti cha kumi, mguu ule si wa picha tena. Umepata unene unaofaa mbao zinazopatikana, mteremko unaofaa miili ya watu wanaokuja pale. Hiyo ni miswada. Ukuta ule ni maktaba, na mwenye maktaba ni mwandishi.

Lakini kiti kile kikifika kwenye kurasa za kupendeza za wapambaji nyumba, jina linaloandikwa ni la studio iliyokiagiza. Aliyekitengeneza anaitwa "fundi wetu", au haitwi kabisa. Na hili si suala la sifa tu. Bei ya samani za kuagiza inapanda kwa sababu ya jina la aliyebuni. Anayehesabiwa kuwa mikono tu analipwa kwa siku, na ubunifu wake wa kunenepesha, kushusha, kuongeza upau, unaingia kwenye ankara ya mtu mwingine. Vijana wanaona hesabu hiyo na wanaelewa haraka kuliko sisi. Ndiyo sababu mafundi wengi wazuri watakwambia hawataki watoto wao washike randa. Barabara zikipanuliwa wao ndio wa kwanza kuhamishwa, na tukiwakosa pale tulipozoea tunalalamika tu kwamba siku hizi tunaenda mbali.

Ninachodai si kikubwa. Kwanza, tuwe na maneno. Lugha yetu inayo tayari: ulimi, tundu, nyuzi, jicho la mbao, randa, nakshi, egemeo. Mteja anayeyajua atabishana na fundi kuhusu kiti, badala ya kubishana kuhusu mia tano. Pili, tuandike jina. Anayeandika kuhusu nyumba, hoteli au mkahawa na kusifu meza zake, aulize nani alizikata, kama anavyouliza nani alipiga picha. Tatu, twende na mwili wetu badala ya simu. Kaa kwenye viti vilivyopo, mwambie fundi wapi panakuuma, mwambie mama mkwe ana shida ya magoti na kiti kikiwa chini sana hatainuka. Hiyo ndiyo agizo lenye vipimo.

Na kabla ya kumwonyesha picha yako, mwombe akuonyeshe ukuta wake. Shika kipande kimoja cha plaiwudi, uliza kilianzaje na amekibadilisha mara ngapi. Atashangaa kidogo, maana wateja hawaulizi. Halafu ataongea.