Kete za Ghalani

Kila Ijumaa ninapokwenda kucheza karata, kadi yangu ya benki hulala kwenye droo ya vijiko. Siifichi. Mke wangu anajua ilipo, nami najua. Naiacha tu huko, nachukua bahasha yenye noti kumi za dola 20, nawasha gari mapema ili barafu ya kiooni iyeyuke, kisha naelekea Shakopee, kusini-magharibi mwa Minneapolis. Pale kuna uwanja wa mbio za farasi uitwao Canterbury Park, na tangu mwaka 2000 una ukumbi wa karata. Wengi hudhani ustadi wote wa poka uko mezani: kusoma nyuso za watu, kudanganya kwa macho makavu kama kwenye sinema. Upo, siukatai. Lakini kwenye meza ndogo za dola 4 na 8, ambazo ndizo ninazozimudu na kuzipenda, nusu ya kazi imekwisha fanyika pale kwenye droo.

Aliyekulia kwenye arbastini na wahedisitini hatapata taabu kuielewa poka ya Texas. Karata ni zilezile, kopa, uru, shupaza, pau, majina tuliyoachiwa na Wareno. Nadhani ni katika vitu vichache walivyoacha pwani ambavyo hakuna aliyevilalamikia. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Katikati ya meza hufunuliwa karata tano za wote: tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha ya mwisho. Madau huwekwa mara nne. Kwenye meza yangu dau ni dola 4 katika mizunguko miwili ya kwanza, dola 8 katika miwili ya mwisho, basi. Hakuna kusukuma mali yote katikati kwa mkono mmoja. Dau likiwekwa linaweza kupandishwa mara tatu tu. Ukipiga hesabu, mgao mmoja ukipamba moto tangu mwanzo hadi mwisho utakudai 16, na 16, na 32, na 32. Jumla dola 96. Namba hiyo naijua kama ninavyoijua namba ya nyumba yangu.

Sasa, linganisha na bao. Kwenye bao la kujifunza, lile la watoto, kete zote 64 humwagwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili katika kila shimo, na mchezo unaanza. Wakubwa hawachezi hivyo. Kwenye bao la Kiswahili kila mtu ana kete 32, lakini anazoanza nazo ubaoni ni 10 tu: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili pembeni yake. Zile 22 zinabaki mkononi, ghalani, zinaingia moja moja. Kete za ghalani hazijafanya lolote bado, ila mchezo wote unazitegemea. Nimewaona wazee wakizitikisa kiganjani huku wanafikiri, nadhani zile sauti ndogo ziliwasaidia kuhesabu. Tofauti ni kwamba bao limekwisha kukuamulia: 32, wala mtu haendi nyumbani kuongeza nyingine. Meza ya poka haikuamulii. Inakuwekea kima cha chini cha kuanzia, kisha inakuachia na nafsi yako.

Nilipoanza, nilikuwa mtu wa kima cha chini. Dola 40, nikijiona mwerevu: zikipotea zimepotea, sijaumia. Usiku mmoja, kwenye ukumbi ambao sina haja ya kuutaja, zile 40 zilikuwa zimeliwa polepole hadi zikabaki 14. Nikapata tisa mbili. Dau likapandishwa, watu watano tukaweka dola 8 kila mmoja: 40 katikati. Zikafunuliwa karata tatu, mfalme, tisa, nne. Nina tisa tatu. Moyo ukaanza kupiga kwenye masikio. Mmoja akaweka 4, wa pili akapandisha hadi 8, na mimi nikasukuma kete zangu sita za dola moja zilizobaki. Mtu mmoja akatupa karata, tukabaki wanne, na hapo ndipo nilipoijua sheria ya meza kwa vitendo: fedha inayocheza ni ile iliyokuwa mezani mgao ulipoanza. Huwezi kuingiza mkono mfukoni katikati ya vita. Mgawaji akalifunga fungu letu, 64, akalisogeza upande wangu kidogo. Waliobaki watatu wakafungua fungu la pili pembeni, wakaendelea kushambuliana mbele ya macho yangu. Mwishowe tisa zangu ziliwashinda wote. Nikapewa 64, kabla ya makato ya ukumbi. Fungu la pembeni, dola 86, likaenda kwa bwana mmoja mwenye wafalme wawili na nne mbili, mtu niliyekuwa nimemshinda. Akanipongeza kwa dhati kabisa.

Njiani sikuwasha redio. Nilikuwa nimelinda dola zangu zisipotee siku ya kushindwa, nikasahau kwamba zinahitajika siku ya kushinda.

Aliyenifundisha upande wa pili ni mzee mmoja wa hapa, mstaafu wa posta. Huja na bahasha kuukuu, kila mara ileile, imeandikwa kwa penseli safu mbili za namba: alichokuja nacho, alichoondoka nacho. Safu ya kwanza haibadiliki: 200, 200, 200. Hununua trei moja ya kete mia za dola moja, anazipanga minara mitano ya ishirini ishirini, anazinyoosha kwa upande wa kidole gumba hata ukitazama pembeni huoni kete iliyochomoza. Mia ya pili hukaa kwenye mfuko wa shati, ikionekana ncha. Minara ikipungua chini ya nusu, baina ya mgao na mgao, huongeza. Nilimwuliza kwa nini 200 wala si 150. Akasema kwa sababu hesabu inasema hivyo, na kwa sababu mkewe anasema hivyo, na hajawahi kuona wawili hao wakikubaliana juu ya jambo jingine.

Hesabu yenyewe nikaitafuta. Mason Malmuth, aliyeandika juu ya nadharia ya kamari mwaka 1987, ni miongoni mwa waliowafundisha wacheza karata kupima si faida tu bali mtikisiko. Kwenye poka ya dau lenye kikomo, mchezaji hodari huridhika akipata dau moja kubwa kwa saa. Kwenye meza yangu hiyo ni dola 8. Lakini mtikisiko wa saa moja, kupanda au kushuka, ni kama madau makubwa kumi: dola 80. Mtikisiko nao haukui kwa kujumlisha. Saa nne hazikupi mara nne, zinakupa mara mbili: dola 160. Kwa hiyo hodari huyo, baada ya saa nne za ustadi, anatarajia dola 32 ndani ya mawimbi ya 160. Takriban usiku mmoja kati ya sita atarudi nyumbani amepoteza 130 au zaidi bila ya kukosea lolote. Ukibeba 200, mawimbi mengi ya kawaida yanapita chini yako. Ukibeba 40, wimbi la kwanza linakutupa ufukweni.

Nasema hodari. Wengi wetu si hodari. Chukua makato ya dola 4 kila mgao na bakshishi ya dola 1 kwa mgawaji, piga mara migao 30 ya saa: dola 150 zinaondoka mezani kila saa na hazirudi, na tumeketi watu tisa au kumi. Kila kiti kina kodi yake ya dola 15 au zaidi kabla hujaangalia karata. Ndiyo maana mtu anayeichukulia kazi hii kwa makini huwa na ghala jingine nyuma ya ghala, madau makubwa 300, yaani dola 2,400 kwa meza kama yangu, zisizochanganywa na kodi ya nyumba wala ada ya watoto. Mimi sina ghala hilo na sijidai kuwa nalo. Mia mbili zangu ni gharama ya usiku mmoja, kama mwingine anavyolipia mpira na nyama choma, ila mara nyingine mpira unanirudishia.

Na kwa nini nisichukue 500? Kwenye dau lenye kikomo, mnara mrefu haumtishi mtu wala haukuongezei nguvu, kwa sababu mgao mmoja hauwezi kukuomba zaidi ya 96. Unakuongezea jambo moja tu, saa. Nimemwona mtu akiingia saa mbili usiku, ananunua, anaongeza, anaongeza, alfajiri bado yupo, macho mekundu, anacheza karata ambazo saa mbili usiku angezitupa bila kuziangalia mara mbili. Hakuna mgao uliomla. Aliliwa na urefu wa usiku.

Mjomba wangu kule Tanga akisikia haya atasema kamari ni kamari, na ni haramu, ukubwa wa bahasha hauibadilishi. Simbishii, kwa kipimo chake yuko sawa. Namwambia tu kwamba vijana wa nyumbani leo wanabashiri mechi kwa simu, na simu haina ncha ya noti inayoonekana mfukoni. Pesa inatoka palepale inapoingia mshahara na palepale unapokopea. Hapo hakuna droo ya vijiko.

Ijumaa iliyopita niliketi karibu na kijana wa Kisii, muuguzi wa zamu za usiku, mcheshi, mwenye mkono wa haraka.

“Mzee, leo umebeba ngapi?”

“Mia mbili.”

“Zote mezani?”

“Mia mbele, mia kwa koti.”

Akacheka. Yeye alikuwa na 60. Saa saba usiku alikuwa hana kitu, nami minara yangu mitano imekuwa mmoja na kipande, kete 31. Ilikuwa zamu ya kuongeza, lakini nilijikuta nasoma karata ya kati mara mbili ili kujua kama ni pau au shupaza. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

“Mzee, ile mia ya koti bado iko? Nipige tafu arobaini. Ijumaa narudisha.”

“Iko. Ila hiyo ni kete ya ghalani.”

“Kete gani?”

Sikuweza kumweleza bao la Kiswahili pale, mgawaji akiwa anachanganya karata na watu wanataka viti. Nikamwambia tutoke, kwenye gari nina chupa ya chai, nitamchorea mashimo kwenye theluji ya boneti. Alivuta kofia masikioni, akatazama meza mara moja, akaniuliza kama chai ina tangawizi.